Jiwe, Chuma na Neno: Ufundi wa Bastola ya Gumegume na Hazina ya Msamiati wa Kiswahili



1. Utangulizi

Kamusi za Kiswahili za nusu ya kwanza ya karne ya 20, ikiwamo ile maarufu iliyotungwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, zinataja aina za bunduki ambazo msomaji wa leo huzipita bila kusimama: bunduki ya mrao, bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki na bunduki ya viasi. Kwa mtazamo wa haraka, haya ni majina tu ya silaha zilizokwisha kupitwa na wakati. Lakini ukiyapanga kwa utaratibu huo, utaona kwamba kila jina linajibu swali moja na lile lile: je, moto unaifikiaje baruti? Katika bunduki ya mrao, moto huletwa na utambi unaowaka polepole. Katika ya gumegume, huzaliwa pale jiwe linapokwangua chuma. Katika ya fataki, hutoka katika kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Katika ya viasi, baruti na risasi vimekwisha kufungwa pamoja ndani ya ganda moja, na bunduki hupakiwa kwa nyuma badala ya mdomoni.

Kwa hiyo majina manne yamebeba historia ya ufundi ya karne nne hivi. Aliyeyatunga hakuwa mwanahistoria wala mhandisi. Walikuwa wawindaji, wachukuzi, mafundi chuma na wafanyabiashara wa pwani na bara, ambao kila siku walihitaji kuijua tofauti baina ya chombo kimoja na kingine.

Mhadhara huu unashughulikia jina la pili katika orodha hiyo, na hasa umbo lake dogo kuliko yote, yaani bastola ya gumegume iliyotengenezwa kwa mkono. Maswali mawili yanaongoza mjadala. Kwanza, fundi wa karne ya 18 aliitengenezaje bastola hiyo, tangu pande la chuma hadi cheche ya kwanza? Pili, je, Kiswahili kinao uwezo wa kuieleza kazi hiyo kwa maneno yake chenyewe? Hoja itakayotetewa ni kwamba ufundi hufa mara mbili: hufa kwanza mikononi, kisha hufa katika maneno. Pale ambapo kifo cha kwanza kimetokea lakini cha pili hakijatokea, njia ya kuurudisha ungali ipo.

2. Moto ndani ya jiwe

Mtambo kamili wa gumegume huhusishwa na fundi Mfaransa Marin le Bourgeois, wa mji wa Lisieux katika jimbo la Normandie, aliyefanya kazi yake mwanzoni mwa karne ya 17. Kabla yake palikuwapo mitambo mingine ya jiwe katika Uholanzi, Hispania na nchi za Bahari ya Kati. Ubora wa mtambo wa Kifaransa ulikuwa katika kuunganisha kazi mbili ndani ya kipande kimoja cha chuma, jambo ambalo litaelezwa punde. Mtambo huo ulienea Ulaya nzima, ukatawala vita na uwindaji kwa muda wa karne mbili, mpaka ulipoondolewa na fataki, ambayo msingi wake ni hataza aliyopewa kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, mwaka 1807.

Utendaji wake ni huu. Kipande cha jiwe la gumegume, kilichochongwa kikapata ukingo mkali, hushikwa na taya mbili za chuma zilizobanwa kwa parafujo. Baina ya jiwe na taya huwekwa kipande cha ngozi ili jiwe lisiteleze wala lisivunjike. Mbele ya jiwe husimama kibao cha feleji chenye umbo la herufi L. Sehemu yake ya wima ndiyo inayopigwa na jiwe. Sehemu yake ya chini ni kifuniko cha kisahani kidogo kilichotiwa baruti laini. Kifyatulio kinapovutwa, kamani huisukuma taya kwa nguvu, jiwe hukikwangua kibao, na kibao husukumwa mbele. Kwa tendo hilo hilo moja, cheche zimezaliwa na kisahani kimefunuliwa kuzipokea. Baruti ya kisahani huwaka, na ulimi wa moto hupenya katika kitundu kilichotobolewa ubavuni mwa kasiba, na kuifikia baruti iliyoshindiliwa ndani.

Watu wengi hudhani kwamba kinachowaka ni jiwe. Sivyo. Jiwe ni patasi tu. Kinachowaka ni chembe ndogo sana za feleji zilizokwanguliwa, ambazo joto la msuguano na hewa huziwasha zikiwa njiani kuanguka. Jambo hili dogo ndilo linalotawala kazi yote ya fundi. Kibao kikiwa laini kupita kiasi, jiwe hukichimba na cheche hazitoki. Kikiwa kigumu kupita kiasi, jiwe huteleza juu yake, au chenyewe hupasuka. Bastola inaweza kuwa na mti mzuri na nakshi za fedha, lakini feleji yake isipokuwa na ugumu wa kadiri, haifai kitu.

3. Kazi ya mkono

Mafundi wa zamani waliigawa silaha hii katika sehemu kuu tatu: kasiba, mtambo na mti. Kila sehemu ilidai elimu ya namna yake.

3.1 Kasiba

Kasiba ilianza kama bamba refu la chuma laini. Fundi alilipasha moto katika tanuri la makaa, huku mivukuto ikipuliza, kisha akalikunja juu ya fuawe kuzunguka mchi wa chuma hadi kingo zake mbili zikakutana. Hapo ndipo ilipokuja kazi ya hatari: kuziunga kingo hizo kwa moto na nyundo peke yake. Chuma kilipashwa mpaka kikawa cheupe na kukaribia kuyeyuka, kikatolewa na kupigwa upesi, kipande kwa kipande. Joto likipungua kidogo, kiungo hakishiki. Likizidi kidogo, chuma huungua na kuharibika. Fundi hakuwa na kipimo cha joto. Kipimo chake kilikuwa jicho lake, lililozoea kutofautisha wekundu na rangi ya machungwa, na rangi ya machungwa na weupe. Kwa sababu hiyo, viwanda vya namna hii vilifanywa na mwanga hafifu, ili rangi ya chuma isidanganywe na jua.

Baada ya kuungwa, kasiba ilinyooshwa na kutobolewa ndani kwa keekee ndefu, mara nyingi, kila mara kwa ncha iliyo pana kidogo kuliko iliyotangulia. Ili kujua kama tundu limenyooka, fundi aliweza kutazama ndani yake dhidi ya mwanga, au kupitisha uzi ulionyooshwa kwa upinde na kuona ni wapi unagusa na wapi hauguzi. Nje ilisawazishwa kwa tupa, ikawa ya mviringo au ya pande nane. Nyuma ilizibwa kwa parafujo nene. Kisha ilijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ile ya kawaida, kwani ilikuwa heri ipasuke uani kuliko mkononi mwa mtu. Jambo hili lilichukuliwa kwa uzito hata likawa la kisheria: London ilikuwa na chama cha watengeneza bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637, mji wa Liège uliweka utaratibu wa kujaribu kasiba mwaka 1672, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Kasiba iliyofaulu ilipigwa mhuri.

3.2 Mtambo

Kama kasiba ni kazi ya nguvu na jicho, mtambo ni kazi ya tupa na subira. Ndani ya bamba moja linaloenea katika kiganja cha mkono, mlikuwa na kamani mbili, na ya tatu nje yake. Kigurudumu chenye pengo mbili. Kidole cha chuma kinachoingia katika pengo hizo. Na daraja dogo la kuvishikilia vyote visiyumbe. Kila kimoja kilifuliwa kwa nyundo, kikashikwa katika jiliwa na kusuguliwa kwa tupa hadi kikatosha mahali pake. Parafujo nazo zilikatwa moja moja, kila moja na tundu lake, hata ikawa ya bastola moja haikubali kuingia katika bastola nyingine.

Pengo ya kwanza ya kigurudumu ilikuwa ya usalama. Kidole kikiwa ndani yake, taya husimama nusu, na kifyatulio kikivutwa hakifanyi kitu. Pengo ya pili, iliyo na kina kidogo, ndiyo ya kupigia. Tofauti baina ya pengo hizi mbili ni ndogo mno, lakini uhai wa mwenye bastola ulitegemea tofauti hiyo. Fundi mvivu aliyeikata pengo ya kwanza bila uangalifu aliuza silaha inayojifyatua yenyewe mkandani.

Kamani zilikuwa mtihani wa mwisho wa mwanafunzi. Kipande cha feleji kilikunjwa kwa moto, kikasuguliwa kikawa chembamba kuelekea nchani, kikapashwa na kuzamishwa ghafula. Hapo kilikuwa kigumu kama kioo, na kama kioo kingevunjika kwa pigo dogo. Kwa hiyo kilipashwa tena polepole, mpaka uso wake uliong'arishwa ukabadilika rangi: manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Katika buluu fundi alisimama. Kabla ya hapo kamani huvunjika; baada ya hapo hulegea, ikakunjika na isirudi.

Vipande vingine vilifanywa kwa chuma laini, kisha vikapewa ngozi ngumu. Vilifungwa ndani ya kisanduku pamoja na makaa ya mifupa na ngozi, vikapashwa kwa saa kadhaa, kisha vikatumbukizwa majini. Chuma kilinyonya kaboni kutoka katika makaa hayo, uso wake ukawa mgumu na moyo wake ukabaki mlaini. Mafundi wa karne ya 17 na 18 hawakuijua kemia ya jambo hilo, lakini waliijua kazi yenyewe barabara.

3.3 Mti

Ulaya ilipenda mti wa mjozi. Marekani ilitumia sana mti wa mepo wenye mawimbi. Ugumu wa kazi hii haukuwa katika kuchonga umbo la nje, bali katika kuchimba nafasi za ndani. Kasiba na mtambo havikuruhusiwa kucheza hata kidogo, kwa maana kila mlipuko ungeupasua mti. Mbinu iliyotumika ni ya kale na yafaa kutajwa. Fundi aliupaka mtambo masizi ya taa, akaukandamiza juu ya mti, kisha akauondoa. Mahali palipobaki peusi ndipo palipogusa, na hapo patasi ilipunguza unyoya mmoja wa mti. Akarudia, na kurudia tena, mara nyingi, mpaka weusi ukaenea sawasawa kila mahali. Mtu asiyekuwa na subira alipunguza zaidi ya ilivyohitajika, na kilichopunguzwa katika mti hakirudi.

Bastola, kwa kuwa ni ndogo, haikuwa kazi ndogo. Bunduki ndefu hushikwa kwa mikono miwili na kuegemezwa begani. Bastola hushikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, hivyo uzito wake hauna budi kulala vizuri kiganjani. Aidha, mara nyingi zilitengenezwa mbili mbili, na fundi alidaiwa kuzifananisha.

4. Fundi mmoja au mafundi wengi?

Picha ya fundi mmoja anayeanza na chuma kitupu na kumaliza na bastola inayong'aa inavutia, lakini haikuwa desturi ya miji mikubwa. Katika Birmingham na Liège, kazi iligawanywa kwa mafundi wengi: waunga kasiba, watoboaji, wasugua mitambo, wachonga miti, wayeyusha shaba nyeupe na nyekundu, watia nakshi. Kila mmoja aliijua sehemu yake tu. Hata mawe yalikuwa na mji wake. Katika Brandon, huko Suffolk nchini Uingereza, wachongaji wa gumegume waliendelea na kazi hiyo hata karne ya 20, muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuiacha bunduki ya jiwe, kwa sababu soko la Afrika lilikuwa lingali likiyahitaji mawe yao.

Mgawanyo huo ulileta wingi na bei nafuu, lakini ulileta pia udhaifu. Ujuzi wa kazi nzima haukukaa katika kichwa cha mtu mmoja, bali ulikaa mtaani, katika safari za kitu kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mtaa ulipovunjika, hapakubaki mtu wa kuuliza.

5. Gumegume katika Afrika ya Mashariki

Uhusiano wa Kiswahili na silaha hii si wa kufikirika. Katika karne ya 19, Ulaya ilipobadilisha bunduki zake, za zamani ziliuzwa nje kwa wingi, na Zanzibar ikawa mojawapo ya malango makuu ya kuziingiza. Katika miaka ya 1880, silaha zilizoingia kwa njia hiyo zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Ziliingia bara pamoja na nguo na shanga. Zilitoka pembe za ndovu na watu waliotekwa. Ukweli huu haufai kufunikwa na uzuri wa ufundi. Kila anayeisifu kamani iliyonyweshwa vema lazima akumbuke pia ni nani aliyesimama mbele ya mdomo wa kasiba.

Silaha hizi ziliingia hata katika majina ya watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, analieleza jina lake la Tippu Tip kuwa limetokana na mlio wa bunduki zake. Wengine wamelihusisha na kupepesa kwake macho. Vyovyote iwavyo, hadithi ya mlio ndiyo aliyoichagua mwenyewe.

Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliozuia kuingizwa kwa silaha katika ukanda mpana wa Afrika, baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Lakini mkataba huo uliacha mlango: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Kwa maneno mengine, sheria ya kimataifa ilimwekea Mwafrika teknolojia ya karne ya 17 katika muongo ule ule ambao majeshi ya kikoloni yalikuja na bunduki za kupiga mfululizo. Miaka 15 baadaye, wapiganaji wengi wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 waliingia vitani na mikuki, mishale na magobore.

Neno gobore lingali hai. Nchini Tanzania hutaja bunduki yoyote ya kushindiliwa mdomoni, hasa ile iliyotengenezwa kienyeji, na magazeti hulitaja kila polisi wanapokamata silaha za majangili. Sheria ya Tanzania ya kudhibiti silaha ya mwaka 2015, kama zilizoitangulia, haimruhusu mtu kutengeneza silaha bila idhini, na hilo ni sawa. Lakini mwanaisimu ana jambo la kutafakari hapa: gobore limehama kutoka ukurasa wa historia hadi ukurasa wa mashtaka, na pamoja nalo fundi wake amejificha, naye amejificha na maneno yake.

6. Maneno kama ghala ya ufundi

Mhadhara huu, kufikia hapa, umeieleza kazi ya bastola kwa kutumia fuawe, tupa, jiliwa, keekee, patasi, mivukuto, kamani, feleji, parafujo na kasiba. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililobuniwa kwa ajili ya shughuli hii. Yote yamo katika Kiswahili tangu zamani. Mengine ni ya Kibantu, mengine yametoka Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi au Ureno, na yote yamekwisha kupata uraia. Kamusi za zamani zinaongeza mdeki, yaani ufito wa kushindilia, na kifa, yaani mahali moto unapopenyea kuingia katika kasiba. Haya mawili wanafunzi wengi wa leo hawajapata kuyasikia.

La kuvutia zaidi ni jinsi lugha ilivyofikiri. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani ili nyuki waingie. Watu walipouona bomba mkubwa wa chuma wenye mlio, wakauita mzinga. Kiasi ni kipimo; baruti iliyokwisha kupimwa na kufungwa na risasi yake ikaitwa kiasi. Risasi ni jina la madini yenyewe kabla ya kuwa jina la kitu kinachorushwa. Kufyatua ni tendo la mtego unaoachiwa ghafula. Bunduki nayo ikafyatuliwa, kisha matofali yakafyatuliwa katika kalibu, na leo mtu aliyepotewa na akili huambiwa amefyatuka. Fataki limesafiri mbali zaidi: kutoka bunduki likaenda katika sherehe za usiku, na mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa kampeni ya redio nchini Tanzania, likawa jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule.

Lakini safari ndefu kuliko zote ni ya neno mtambo. Kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni kitu kinachofanya kazi kwa mkazo na kuachiwa, kama mtego wenye kamani, saa au bunduki. Leo neno hilo hilo linabeba umeme wa taifa na matangazo ya televisheni: mitambo ya kuzalisha umeme, mitambo ya kurushia matangazo. Mhandisi anayelitumia hajui kwamba amesimama juu ya mabega ya mtega ndege na mwenye bunduki ya jiwe. Neno lilipata nguvu ya kupanda ngazi hiyo kwa sababu lilianzia mahali penye uelewa halisi wa jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Hapa pana funzo kwa wanaounda istilahi. Mara nyingi kazi hiyo huanza mezani, kwa orodha ya maneno ya kigeni upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia. Nafasi hiyo hujazwa kwa kutafsiri au kwa kutohoa. Lakini mara nyingi haikuwa tupu. Aliyeijaza zamani hakuulizwa. Fundi wa saa anazo kamani zake, seremala anazo randa zake, mhunzi anazo hatua za kukinywesha chuma maji. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

7. Ufundi uliofufuka: mifano miwili

Je, kuhifadhi maneno kunasaidia nini, ikiwa mikono imekwisha kufa? Mifano miwili inajibu.

Wa kwanza ni wa Williamsburg, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mji ambao sehemu yake imehifadhiwa kama ulivyokuwa katika karne ya 18. Huko, katika miaka ya 1960, fundi Wallace Gusler aliazimia kutengeneza bunduki ya gumegume kwa vifaa na mbinu za karne hiyo peke yake: kasiba, mtambo na mti, vyote kwa mkono wa mtu mmoja. Hapakuwa na mwalimu aliyeifanya kazi yote namna hiyo. Alilazimika kuzisoma silaha za zamani zenyewe, alama za tupa zilizobaki ndani ya mitambo, pamoja na maandishi yaliyosalia. Kazi yake ilipigwa filamu iliyotolewa mwaka 1969, na tangu hapo wanagenzi wamekuwa wakifundishwa katika karakana hiyo. Kilichokuwa kimetawanyika kwa mafundi wengi kilikusanywa tena katika mikono ya mmoja.

Wa pili ni wa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1970, huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wazee waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo mingi walijenga upya tanuri kwa kumbukumbu zao, mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt. Mwaka 1978, Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakidai kwamba wahenga wa Buhaya walipata joto kubwa kwa kuipasha hewa kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine wameibishia sehemu ya dai hilo. Lakini jambo moja halibishiwi: ujuzi uliodhaniwa umekufa ulirudi, kwa kuwa wazee waliuhifadhi katika kumbukumbu na katika maneno ya Kihaya ya kila kipande cha tanuri na kila hatua ya kazi.

Mifano hii inalingana kwa jambo moja na kutofautiana kwa jingine. Williamsburg ilikuwa na vitu na maandishi, lakini haikuwa na wazee. Buhaya ilikuwa na wazee na maneno, lakini matanuri yalikuwa yamebomoka. Pwani ya Waswahili ina kamusi zenye maneno. Bado inao mafundi wa vyuma, wa majahazi na wa milango, ambao ni wazee sasa. Imepewa vyote viwili kwa wakati mmoja, lakini kwa muda mfupi tu.

8. Hitimisho

Bastola ya gumegume haihitajiki tena. Hakuna mwenye akili anayetaka irudi barabarani, na mhadhara huu haukulenga hivyo. Imetumika hapa kama kipimo, kwa sababu ni chombo kidogo kinachokusanya fani nyingi: uhunzi, useremala, utoboaji, uyeyushaji, nakshi na elimu ya moto. Lugha inayoweza kukieleza chombo hicho kikamilifu, bila kuazima hatua kwa hatua, haiwezi kuambiwa kuwa ni lugha isiyo na sayansi.

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, miradi ya msamiati wa fani iwatangulize mafundi badala ya orodha za kigeni, na kila neno lirekodiwe pamoja na tendo lake, kwa sauti na kwa picha, likiwa mdomoni mwa anayefanya kazi. Pili, matoleo mapya ya kamusi yasiyaondoe maneno kama mrao, mdeki na kifa kwa hoja ya kwamba hayatumiki. Yawekewe alama ya ukale, lakini yabaki, kwani mwanafunzi anayesoma habari za misafara ya karne ya 19 hatazielewa bila hayo. Tatu, makumbusho yetu, zinapoandika maelezo ya silaha na vyombo vya zamani, ziyaandike kwanza kwa Kiswahili na kwa majina ya sehemu zake, si kwa jina la jumla tu.

Mhunzi wa zamani alijua kwamba kamani hupatikana kwa kusimama katika buluu. Akichelewa, rangi hupita, na chuma hakirudi kilipokuwa. Mafundi wanaoyajua maneno haya kwa mikono yao hawatangoja tufanye vikao vingi. Kazi ya kuwauliza ianze wakati rangi ingali inaonekana.